Diski za haro: angalia shamba kwanza, bei baadaye

Juzi usiku nimepata meseji ya kijana mmoja wa Igunga mwenye haro, ile zana ya diski inayofungwa nyuma ya trekta kulimia, kanitumia na picha, anasema "kaka nimenunua seti nzima ya diski za meno, nimeingia mbugani, kwenye ule udongo mweusi mzito, haro inateleza juu tu kama inafagia, nimeibiwa au?" Kiukweli nilishindwa kulala, maana hilo neno kufagia mimi nilishaambiwa usoni, mbele za watu.

Ilikuwa Kiteto, upande wa Matui, msimu wangu wa pili na trekta. Nina trekta ya Massey Ferguson (MF) 375 niliyonunua mkononi mwa mtu, mkopo wa saccos unanidai, na haro ya diski 16 ambazo nilizikuta zimeshalika. Nikaenda mjini kununua mpya. Muuzaji akanionyesha za meno, zile zilizokatwa mapengo kuzunguka ukingo, akaniambia bosi hizi ndo zinakula kila shamba, tena bei yake ilikuwa chini kuliko kwingine kote nilikopita. Nikafunga zote 16 za meno, mbele na nyuma, nikajiona nimemaliza.

Nilikuwa nimepatana na mzee mmoja eka 120. Siku ya kwanza raha tupu, mabua ya mahindi yanakatika vizuri mpaka dereva anaimba. Siku ya tatu tumeingia kipande kilichokuwa na mbaazi, vile vishina vyake vigumu kama kuni, na ndani yake kuna visiki vya miti iliyofyekwa zamani. Jioni nikapiga magoti kuangalia: meno yamekunjika kama kizibo cha soda kilichofunguliwa, mawili yamemeguka kabisa. Nikaendelea hivyo hivyo maana pesa ya kununua nyingine sina. Tulipofika eka ya 38 mzee akaja na bua la mtama mkononi, akachoma kwenye udongo niliolima, likaingia vidole vitatu likagota. Akachoma pengine, likagota. Akaniangalia, "Kijana, hapa umelima au umefagia?" Vibarua wote wakacheka. Eka zilizobaki akampa mtu mwingine, na mpaka leo tukikutana mnadani ananisalimia vizuri tu lakini shamba hanipi.

Sasa ndugu zangu, nilichokuja kuelewa ni kwamba diski ya meno siyo mbaya, ina kazi yake. Yale mapengo yanashika bua na kulikata badala ya kupanda juu yake, kwa hiyo shamba lenye mabua na majani mengi inafaa sana. Ila ukingo unaogusa ardhi ni mdogo kuliko wa diski nzima, ile isiyo na mapengo, inalika haraka, na kila jino likigonga kisiki au jiwe linabeba kishindo peke yake. Shamba la visiki na mawe funga diski nzima, tena nene, inapanda juu ya kisiki na kushuka bila kumeguka. Mimi siku hizi mstari wa mbele nafunga za meno zikate, mstari wa nyuma nzima zigeuze na kusawazisha. Misimu miwili sasa hakuna mteja aliyenirudisha shambani kurudia kazi.

Kwenye kichanga, ile wasukuma wanaita luseni, usihangaike na meno kabisa. Mchanga ni msasa, unasaga chuma mchana kutwa. Hapo unatafuta unene na chuma kilichoiva. Nenda dukani na tupa yako, kwaruza ukingo kidogo, kama tupa inauma kirahisi kama inavyouma nondo basi achana nayo hata wakupunguzie nusu bei. Zile zangu za Kiteto nilikuja kuzijaribu baadaye, zilikuwa zinatoa unga kama chaki. Iliniuma sana.

Halafu pima upana. Diski inaingia ardhini kama robo ya upana wake tu, ya inchi 24 usitegemee zaidi ya inchi 6, ikilika ikafika 20 hiyo 6 huipati tena hata uende mwendo wa kinyonga. Watu wanabaki na diski zimekuwa kama sahani za chai halafu wanalaumu trekta. Tepu ya fundi cherehani inatosha, pima kila mwanzo wa msimu!

Na mbuga. Hapa ndo wengi tunapigwa. Diski haijivuti chini yenyewe, inaingia kwa uzito wa haro na kwa ile pembe ya mistari, yaani mistari ya diski inavyokaa kimshazari, na mkono wa haidroliki kwenye trekta zetu hizi unanyanyua na kushusha tu, haukandamizi. Mbuga kavu iliyopasuka nyufa inakuwa kama sakafu, ufunge diski gani haro nyepesi itateleza tu. Ikilowa sana nayo inajaa katikati ya diski mpaka zinakuwa gogo moja. Subiri mvua ya kwanza inyonye, chukua udongo wa chini kidogo usokote viganjani, ukikatikakatika ingia, ukisokoteka kama kamba rudi nyumbani kanywe chai. Mteja akikulazimisha mwambie hapana, hapana yako ni rahisi kuliko fedheha niliyoipata mimi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Igunga, hukuibiwa, au basi hujaibiwa kwenye meno. Subiri mvua, ongeza pembe ya mistari, weka viroba vya mchanga juu ya fremu uvifunge kamba vizuri, na za nyuma ubadilishe uweke nzima ukipata hela. Lakini nimeikuza ile picha yako nikaona kuna mtoto amekaa juu ya haro kuongeza uzito, miguu inaning'inia karibu kabisa na diski. Huyo mshushe leo leo kabla hujafanya kingine chochote, kisha unitumie picha nyingine nione viroba.