Nimefika Kondele, usingizi hakuna

SWALI: Mambo mhariri, mimi wa Mombasa, nazunguka huku magharibi na nimekodi chumba Kondele hapa Kisumu kwa mwezi mmoja, sasa hizi boda zinapiga honi hadi usiku wa manane, mbu nao ni wengine kabisa, na watu wakiongea Kijaluo mi nachekacheka tu. Nihamie Milimani ama nikae?
Msafiri

JIBU: Karibu Kisumu ndugu yangu. Milimani kumetulia, kuna miti na ziwa liko karibu, lakini kodi iko juu na jioni utakosa hata mtu wa kupiga naye stori, kwa hivyo mimi ningekaa Kondele ila nimwombe landilodi chumba cha nyuma mbali na barabara, hiyo ya kwenda Kakamega hailali. Neti usicheze nayo, malaria ya ukanda wa ziwa haijali kama umetoka pwani. Tuktuk elewaneni bei kabla hujapanda. Lugha itakuja, anza na "oyawore" asubuhi na "oimore" jioni, mama wa omena (dagaa) akisikia hivyo anakuongezea (si lazima, lakini mara nyingi). Jumapili nenda soko la Kibuye, hiyo ndio siku yake kubwa, mitumba, nyungu, kuku, kila kitu, halafu mchana teremka Dunga, kule ufuoni mwa ziwa, ule samaki, ngege ni mtamu kuliko mbuta nani anabisha! Toka mapema tu, mvua ya huku inapenda kushuka alasiri.