Kuni za kufukizia nyama kwenye jiko la mkaa

Ndugu, umeuliza utumie kuni gani kumfukizia kuku, na kama uziloweke kwanza. Kwa huyo kuku, anza na kuni za mti wa matunda: mtofaa, mcheri au mpichi. Moshi wake ni mpole, una utamu kwa mbali, na haufuniki ladha ya nyama. Mwaloni una nguvu zaidi, uweke kwa ng'ombe. Hikori, mti wa mbao ngumu unaopatikana Amerika Kaskazini, ni kali. Ikizidi tu, nyama inakuwa chungu. Misonobari na miti mingine yenye utomvu usiiguse kabisa, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Hilo uliloulizia la kuloweka kuni, achana nalo. Maji yanaishia juu juu, na kuni haitoi moshi wa maana mpaka yakauke. Unachokiona mwanzoni ni mvuke tu. Kwangu mimi ukavu wa kuni ni muhimu kuliko hata aina ya mti. Chukua vipande viwili au vitatu vya ukubwa wa ngumi, viweke juu ya mkaa ulioshika vizuri, funika jiko na uache matundu ya hewa wazi kiasi.

Sasa tazama moshi kabla hujaweka nyama. Ukitoka mzito na mweupe, subiri, au ongeza hewa kidogo, maana huo ndio unaoacha uchungu mdomoni. Ukishakuwa mwembamba, unaelekea rangi ya buluu, weka kuku akiwa bado wa baridi. Hapo ndipo anaposhika moshi vizuri.