Kwa wewe uliyeacha unga na sasa unataka kumtoa mwenzako

Wiki iliyopita tulipokea waelimishaji rika wapya wanne. Wote wameacha, mmoja ana miezi saba tu, na wote wana kile kiherehere ninachokijua: Jumatatu waingie maskani wanakokaa wavutaji, Jumatano watoke na watu kumi. Nami niliingia hivyo hivyo. Nina miaka tisa bila unga, yaani heroini, sita kati yake nikiifanya kazi hii Kinondoni na Temeke. Haya ndiyo niliyowaambia pale kwenye benchi, pamoja na mengine niliyoona haya kuyasema mbele za watu.

La kwanza, usimlaze mtu kwako. Najua utalifanya tu, lakini nikusimulie.

Mwaka wangu wa pili bila unga nilimchukua dogo mmoja tuliyekuwa tukikaa kijiwe kimoja. Nilikuwa nimepanga chumba Tandale. Nikajiambia, mimi niliimaliza arosto, yale mateso ya kukosa unga, kavu kavu bila dawa chumbani kwa bibi, uji na maji ya moto, kwa nini huyu asiweze? Siku ya kwanza miayo haikumwisha, macho na pua vikimtoka maji. Ya pili akatapika na kuendesha, miguu haitulii kitandani. Ya tatu, siku ambayo arosto huwa imepamba moto, nikatoka kumnunulia malimau. Kurudi, hayupo, na jiko la gesi halipo.

Hasira yangu haikuwa ya jiko. Niliona amenivunjia heshima, mimi niliyeshatangaza mtaa mzima kwamba namtoa. Usiku ule ule nikamfuata maskani, peke yangu, bila kumuaga mtu. Kabla sijamwona, nikakutana na harufu ya kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, na mate yakanijaa mdomoni. Nilikuwa na miezi 14 msafi. Jamaa mmoja akaninyooshea, hakusema neno. Sikuvuta, lakini usinisifu: vijana wa ulinzi shirikishi walimulika tochi, wote tukatimua mbio. Isingekuwa tochi ile, sijui leo ningekuwa wapi.

Watu wa vikundi vya hatua 12, wanaokutana kusaidiana kuacha ulevi, wana kisa cha Bill Wilson, mlevi wa New York aliyeacha pombe mwishoni mwa 1934. Alikaa miezi akiwakimbilia walevi wenzake na kuwahubiria, asimpate hata mmoja. Mkewe, Lois, ndiye aliyemwambia kwamba angalau yeye mwenyewe hajanywa. Mei 1935 yuko Akron, jimbo la Ohio, biashara imemharibikia na kiu imempanda, akatafuta mlevi wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari aitwaye Bob Smith. Safari hii aliacha mahubiri, akasimulia yaliyompata. Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha, ulianzia hapo.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha kwamba ukimsaidia mwenzako unajisaidia. Sawa. Ila mimi naona jambo jingine: Wilson alimwendea yule daktari akiwa na shida yake mwenyewe, na hakuificha. Mimi kwa dogo wangu sikwenda na shida, nilikwenda kutafuta ushindi. Teja ananusa hilo haraka kuliko unavyodhani. Maisha yake yote ya unga amekuwa akisoma nyuso za watu, nani ana hela, nani ana huruma, nani anataka sifa.

Kosa langu jingine lilidumu miaka miwili. Kwa kuwa niliacha kavu, niliidharau methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa kliniki badala ya unga. Niliwaambia wateja, yaani hao tunaowahudumia, wamebadilisha unga kwa maji tu. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini watu niliowazoea kuwaona wamelala mitaroni sasa wanapanga foleni asubuhi, wanakunywa dozi yao mbele ya mhudumu, halafu wanaenda kibaruani. Dozi moja inamshikilia mtu kutwa kucha, hahangaiki kusaka kete. Yule dogo wa jiko yumo kwenye foleni hiyo. Alipelekwa na mwenzangu, si mimi.

Hata baada ya kuikubali niliendelea kuwa hakimu. Fundi seremala mmoja alianza kuja na jasho, mwili unamuuma, anadai dozi haimtoshi. Nikajua huyu anachanganya mambo. Nesi akamuuliza swali moja tu: kuna dawa nyingine unakunywa? Kumbe alikuwa ameanzishiwa za TB. Ndani yake kuna rifampisini, na hiyo huufanya mwili uimalize methadoni upesi. Arosto yake ilikuwa ya kweli, daktari akapandisha dozi. Mimi nilikuwa nimeshamnunia wiki mbili. Kwa hiyo mteja akilalamika, mpeleke kwa nesi kabla hujampeleka kwenye mahakama ya kichwa chako.

Sasa la kuzidisha kipimo cha unga, na hapa nakuomba usome taratibu. Anayekufa mara nyingi si yule aliyevuta mfululizo. Ni aliyetoka mahabusu juzi, au aliyemaliza miezi minne soba hausi, nyumba ya kuachia unga, akarudi mtaani. Mwili umeshasahau unga, yeye anapiga kipimo cha zamani. Mwambie hivyo kabla hajatoka, kwa maneno haya haya, hata kama familia itasema unamchuria. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma isivyo kawaida, pumzi zinakuja moja moja, midomo na kucha zimepauka, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mpulizie pumzi mdomoni, na akiwa anapumua mwenyewe mlaze ubavu. Tafuta usafiri wa hospitali. Akipewa naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, akazinduka, atataka kuondoka. Mzuie kwa namna yoyote ya upole, maana dawa hiyo huisha nguvu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na unga bado umo mwilini.

Wa pombe ni habari nyingine. Mnywaji wa kila siku wa miaka mingi usimfungie ndani aache ghafla, anaweza kupata degedege na kufa. Huyo aanzie hospitali.

Nauli usiitoe mkononi. Panda naye daladala, lipa mwenyewe. Na mama mtu akikupigia saa saba usiku akilia, msikilize, lakini usimwahidi kwamba mwanawe atapona. Mwambie kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Mwisho, uwe na mtu wako. Asiwe mteja, wala asiwe bosi. Wangu ni mzee mmoja anayeuza kahawa Magomeni, naye alikula unga enzi zake. Tangu usiku ule wa tochi, kila nikiingia maskani namtumia ujumbe: "Naingia." Nikitoka: "Nimetoka." Wa pili ukichelewa zaidi ya saa moja, anapiga. Nisipopokea, anamwachia jirani birika lake na kuja.