Bakteria wa kundi B kwa mjamzito: vidonge sasa au sindano siku ya uchungu?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mkazi wa Faza na mimba yangu ya pili ina wiki 37. Nilipimwa Mombasa wiki iliyopita nikaambiwa nina bakteria wa streptokokasi wa kundi B ukeni. Kwenye duka la dawa nimepewa amoksisilini ya siku saba, na mume wangu anauliza ugonjwa huu nimeutoa wapi. Sina homa wala maumivu, na nimepanga kujifungulia Lamu mjini. Je, nizimeze dawa hizi?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Nianze na la mume, maana ndilo linaloweza kuvunja nyumba. Bakteria huyu hahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Makao yake ni matumbo ya watu wazima, wake kwa waume, na kutoka huko huhamia ukeni, akakaa bila dalili yoyote, akaondoka na kurudi bila mwenyewe kujua. Utafiti mkubwa wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2016 ulimkuta kwa wajawazito wapatao 12 katika kila 100. Mumeo hahitaji kupimwa wala kutibiwa.

Kwa kuwa shina lake liko matumboni, vidonge humpunguza kwa siku chache tu, na huenda akarejea kabla hujashikwa na uchungu. Uliza kliniki kama alionekana pia kwenye mkojo, kwa sababu akiwa huko hutibiwa mara moja, na sindano ya kumkinga mtoto wakati wa uchungu bado huhitajika. Ikiwa mkojo ni safi, mimi sioni faida ya kuendelea na amoksisilini hiyo.

Hatari ni kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Bila kinga, karibu nusu ya watoto wa akina mama wenye bakteria huyu humpata, na mmoja au wawili katika kila 100 huugua ndani ya wiki ya kwanza, wengi wao siku ile ile ya kuzaliwa, kwa maambukizi ya damu, nimonia au homa ya uti wa mgongo. Kinga yake ni penisilini ya mshipani, inayoanzwa uchungu unapoanza au chupa inapopasuka: yuniti milioni 5 kwanza, kisha milioni 2.5 hadi 3 kila baada ya saa 4 mpaka mtoto azaliwe. Kinga huhesabiwa kuwa ya kutosha pale dozi ya kwanza inapotangulia kuzaliwa kwa saa 4 au zaidi.

Saa hizo nne ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko bakteria mwenyewe. Uchungu wa mimba ya pili kwa kawaida huwa mfupi kuliko wa kwanza, nawe ujuavyo, kutoka Faza hadi Lamu mjini ni safari ya boti, na usiku ni taabu zaidi. Ningekushauri uhamie kwa jamaa zako wa mjini ukiingia wiki ya 38, na chupa ikipasuka uende hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja uchungu. Hakikisha majibu ya kipimo yameandikwa kwenye kijitabu chako cha kliniki, ukurasa ambao mkunga wa zamu ataufungua kwanza, pamoja na habari yoyote ya kudhurika na penisilini, kwani zipo dawa nyingine za kutumia badala yake. Ikitokea umepangiwa upasuaji, ukafanyiwa kabla ya uchungu na kabla ya chupa kupasuka, sindano hii haihitajiki.

Baada ya kujifungua, nyonyesha kama kawaida. Mtoto akikataa ziwa, akipumua kwa kuguna, akilegea, au mwili wake ukiwa moto au baridi kuliko kawaida, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Angalizo hili liendelee hadi afikishe miezi mitatu, kwa sababu upo ugonjwa wa bakteria huyu unaochelewa kuanza, nao sindano ya wakati wa uchungu haiuzuii.