Fundi wa Keko na maneno ya Google

Shikamoo dada. Natengeneza samani Keko, Dar es Salaam. Tovuti yangu inasema "samani bora za kisasa", na aliyeitengeneza kanitoza hela kuficha humo orodha ya maneno ya kutafutiwa Google (meta keywords). Mbona wateja hawaji?
Fundi, Keko

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo orodha umepigwa: Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Halafu, nani anatafuta "samani bora"? Mtu wa Tabata anaandika "bei ya kitanda 5 kwa 6". Anza kuandika "kitanda cha mninga" kwenye Google, uone inavyokumalizia. Pekua na meseji za WhatsApp. Wateja wanavyouliza huko ndivyo wanavyotafuta. Kila bidhaa ipe ukurasa wake, kichwa kitaje kitu, saizi na Keko. Na bei weka, jamani! "Njoo inbox" inachosha.