Mwarobaini si mti wa Kakamega: jibu kwa mwelimishaji wa Shinyalu

SWALI: Tangu Februari ninajitolea kama mwelimishaji wa mazingira huku Shinyalu. Ninafundisha shule 6 na vikundi 2 vya akina mama kuhifadhi mimea ya asili, na tunatakiwa kupanda miche kando ya mto Isiukhu. Mbegu za mti wa mwiritsa nilizookota mwaka jana nilizihifadhi mkebeni kwa miezi 4, kisha nikazipanda, na haikuota hata moja. Mzee mmoja mwenye kitalu ananishauri zilizobaki niziloweke katika maji ya moto. Wakati huohuo, mfanyabiashara ameahidi kutuletea miche 3,000 ya kienyeji kabla ya mvua: grivelia, mwarobaini, jakaranda na lusiola. Je, niendelee na mbegu zangu au tununue miche yake?

JIBU: Mbegu zako zilifia mkebeni, na maji ya moto hayafufui mbegu. Ushauri huo haukutungwa na mzee wako. Ni wa kweli kwa migunga na jamaa zake, ambao mbegu zao zina ganda gumu lisilopitisha maji mpaka lilainishwe. Mwiritsa, ambao wataalamu huuita Prunus africana, ni wa tabia tofauti kabisa: mbegu yake haivumilii kukaushwa sana wala kuwekwa kwa muda mrefu, na maji ya moto huua kiinitete kilichomo. Matunda huchumwa yakiwa yameiva na kugeuka rangi ya zambarau iliyokolea, nyama yake huondolewa kwa kusuguliwa na kuoshwa, mbegu huanikwa kivulini kwa muda mfupi, na hupandwa mapema iwezekanavyo; baada ya hapo subiri wiki kadhaa bila kuchokonoa udongo kila asubuhi. Ukikosa matunda, tafuta maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe, chini ya mti mama yakiwa bado na majani machache, uyahamishie kwenye viriba vilivyo kivulini. Maotea yakiwa ndani ya msitu wa serikali, omba kwanza ruhusa ya Huduma ya Misitu na uwashirikishe jumuiya ya misitu ya eneo lako, kwa maana mwelimishaji anayekamatwa na kikapu cha miche hana somo la kufundisha.

Hata hivyo, kilichonifanya nilichague swali lako kati ya mengi ni yale majina 4. Kati ya miti hiyo inayoitwa ya kienyeji, ni lusiola pekee, ambao wataalamu huuita Markhamia lutea, ulio wa asili ya kwetu. Grivelia ilitoka Australia, jakaranda Amerika ya Kusini, na mwarobaini India na nchi jirani zake. Kila mwaka naulizwa jambo hili, na kila mwaka hupatikana mtu wa kunibishia kwamba mwarobaini hauwezi kuwa mgeni kwa sababu una jina la Kiswahili na bibi yake aliutumia kutibu malaria. Jina halithibitishi asili. Mpera nao una jina la Kiswahili, watoto wa Shinyalu wameukwea tangu zamani, na bado ni mti wa Amerika ya kitropiki ambao ndege na nyani wameusambaza hadi ukaziba sehemu za kingo za msitu wa Kakamega. Kinyume chake, mkifabakazi, ule wenye maua mekundu kama moto, watu wengi hudhani uliletwa na wakoloni kupamba barabara kwa sababu ni mzuri mno, ilhali ni mti wa Afrika.

Kwa hiyo unapoingia darasani, usianze na orodha ya miti mizuri na miti mibaya. Sina ugomvi na grivelia. Ninayo kwenye mpaka wa shamba langu na hunipa kuni na mbao. Ugomvi wangu ni kuiandika kwenye daftari la mimea ya asili. Msitu wa Kakamega ni masalia ya upande wa mashariki ya msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo, na wanyama, ndege na wadudu wake wamezoea matunda, maua na magome ya mimea yake. Ukipanda jakaranda kando ya Isiukhu utakuwa umepata kivuli, lakini hutakuwa umerudisha chochote kilichopotea. Wala mimea si miti tu: mukombero, mmea utambaao ambao mizizi yake hutafunwa na huuzwa kwenye vituo vya magari, hung'olewa porini, na sijaona bado kikundi kinachouweka kwenye hesabu yake ya uhifadhi.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi, pengine kwa kuwa hawalijui. Hata mche ukiwa ni wa mwiritsa kweli, haifuatii kwamba unafaa kupandwa Shinyalu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba miti ya mwiritsa iliyo magharibi ya Bonde la Ufa inatofautiana na ile ya mashariki yake, kwa hiyo miche iliyosafirishwa kwa lori kutoka upande wa Mlima Kenya ni jamaa wa mbali. Isitoshe, mwenye kitalu mwenye haraka huchuma mbegu zote kwenye mti mmoja ulio karibu na barabara, na miche yote 3,000 inakuwa ndugu wa mama mmoja. Ugonjwa ukiwashika huwashika wote. Mbegu za kuhifadhi aina ya mti zinapaswa kutoka kwenye miti mama mingi, ikiwezekana 30 au zaidi, iliyosimama mbalimbali.

Tangu serikali itangaze lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na hasa baada ya sikukuu ya kupanda miti ya tarehe 13 Novemba 2023, kila mwenye pikipiki na kreti amekuwa mtaalamu wa miche. Sikosoi lengo lenyewe. Ninachokosoa ni mtindo wa kuhesabu miche inayoshushwa kutoka garini, kupiga picha, na kutorudi. Nimewahi kuitwa kukagua shamba la shule moja lililokuwa na bango kubwa la msitu wa asili. Nilikuta mikalitusi iliyostawi vizuri, na miche michache ya asili iliyokauka ikiwa bado imevaa viriba, kwa maana aliyewapa hakuwaambia kwamba plastiki huondolewa kabla ya kupanda. Mwalimu alinionyesha daftari kwa fahari. Muuzaji alikuwa ameshalipwa.

Anayekuahidi miche 3,000 ya asili kwa notisi fupi, muulize mbegu zilichumwa wapi, lini, na kutoka kwenye miti mingapi. Mwenye kitalu wa kweli hujibu kwa raha, na mara nyingi atakuchosha kwa maelezo. Akianza kukusifia urefu wa miche, agana naye. Kwa mbegu zilizo na kumbukumbu ya chimbuko, ulizia kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, kilichoko Maseno.

Kwa msimu huu, nunua lusiola pekee, tena ukishaonyeshwa ilikotoka. Kwa ukingo wa mto ongeza mukumu, mti wa jamii ya mitini, ambao hauhitaji mbegu: tawi nene lililokomaa, likikatwa na kuchomekwa ardhini mvua inapoanza, huota mizizi. Wazee wa Kiluhya walikutana chini ya mti huo, na uliosalia uani kwa mtu una historia yake, kwa hiyo mwombe mwenye mji kabla hujapeleka panga, na uwachukue watoto wa shule wasikie atakayowaeleza.