Barua kwa mwanangu: Sauti haina naibu

Mwanangu,

Barua yako imefika, na mama yako amefurahi mno kusikia umeishika tena klarineti, zumari yetu ya mti. Anauliza kama baridi ya Minneapolis haitaupasua mti wake. Nimemwambia nilikufundisha kuitunza kabla sijakufundisha kuipiga, asiwe na wasiwasi.

Umeniuliza jambo moja. Mwongozaji wa bendi yenu ya mtaa anataka abaki mpigaji mmoja kwa kila sauti, yaani kwa kila mstari wa nota ulioandikwa, kama alivyofanya Frederick Fennell, mwongozaji wa bendi wa Marekani, na karibu nusu ya wenzako wataachwa. Mtapiga kura. "Baba, nikubali au nikatae?" Kura hiyo nitaifikia. Lakini jina la mtu likitumiwa kuwatoa watu kwenye viti vyao, kwanza tumjue mwenye jina.

Fennell alizaliwa Cleveland, Ohio, mwaka 1914, na alianza na ngoma tangu mtoto. Alipokuwa na miaka 17 alipiga ngoma kubwa katika bendi ya vijana huko Interlochen, Michigan, na siku moja aliyesimama mbele yao kuwaongoza alikuwa John Philip Sousa mwenyewe, mzee wa miziki ya gwaride ya Marekani. Sousa alifariki mwaka uliofuata. Hebu fikiria kijana mwenye umri wa kidato cha nne anamwangalia Sousa kwa macho yake, mkono uko kwenye ngoma. Mtu wa namna hiyo hawezi kuidharau bendi maisha yake yote.

Baadaye akawa mwalimu katika shule ya muziki ya Eastman, Rochester, New York, akaongoza bendi kubwa ya pale. Zama zile bendi zilikuwa na watu themanini, hata mia. Klarineti safu kwa safu, tarumbeta safu kwa safu, wote wakipiga kitu kimoja, na obo moja, zumari nyembamba, katikati imemezwa. Mwaka 1951 akaugua homa ya ini, akalazwa wiki kadhaa, na kitandani pale ndipo alipoyapanga yote: tuchukue kila alichokiandika mtunzi, tumpe kila mmoja sauti yake, basi. Septemba 1952 wakafanya zoezi la kwanza. Hao ndio Eastman Wind Ensemble, kikundi cha ala za kupuliza, watu arobaini na ushee. Mwaka uliofuata wakaanza kurekodi santuri za kampuni ya Mercury, na zile za mwanzo zilirekodiwa kwa kipaza sauti kimoja tu kilichotundikwa ukumbini. Kipaza sauti kimoja hakimfichi mtu.

Unajua nitakachosema sasa, maana nimewaambia wewe na dada yako tangu mkigawana zamu za kuchota maji: sauti haina naibu. Ukiandikiwa wewe, piga wewe.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Mwalimu, aliyeongoza bendi yetu, na unamjua kwa jina ingawa alifariki ungali mdogo. Santuri ya kwanza ya Fennell niliyoisikia ilikuwa mali ya Mwalimu. Ni ile yenye miziki ya mtunzi Mwingereza Gustav Holst, na suiti ya kwanza, yaani mfululizo wa vipande vifupi, ya mwaka 1909, inaanzia chini kabisa: tuba na yufoniamu, zile ala kubwa za shaba zenye sauti nzito, peke yao, polepole, kabla ya wengine kuruhusiwa kuingia. Mwalimu alituketisha sakafuni bendi nzima, akaicheza, akairudisha sindano, akaicheza tena. Hakutueleza kitu. Mpiga tuba wetu alitoka pale akitembea mgongo umenyooka.

Sisi hatukuwa na obo, na basuni, zumari ndefu ya sauti nzito, sikuwahi kuiona kwa macho hadi nilipokuwa mtu mzima. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa anatuandikia. Alichukua ngoma za harusi za Kizaramo, nyimbo za kanisani, miziki ya gwaride, akazipanga upya kwa watu aliokuwa nao, kwa mkono wake, kwa wino, usiku. Na juu ya karatasi hakuandika "klarineti ya pili" au "tuba." Aliandika jina la mtu. Alijua nani pumzi yake fupi akamkatia mstari, nani vidole vyepesi akamwongezea nota. Mwenzangu wa klarineti alipohamishwa kwenda Tabora kukiwa na sherehe kesho yake, sikumwomba Mwalimu chochote. Asubuhi nilikuta karatasi mpya kwenye kiti changu, sauti mbili zimeunganishwa kuwa moja, jina langu juu. Nilipiga siku ile kuliko nilivyopata kupiga, na bado naweza kukuimbia mstari ule wote.

Kazi ya namna hiyo watu hawaioni. Wanaona fimbo inayopepea mbele ya bendi, wanapiga makofi. Fennell aliheshimiwa kwa fimbo, ndiyo, lakini mimi namheshimu zaidi kwa karatasi. Mtunzi Percy Grainger alikusanya nyimbo za wakulima wa Uingereza, akaziandikia bendi mwaka 1937, muziki mgumu na mzuri ajabu. Ulipochapishwa, karatasi za wapigaji zilijaa makosa: nota mahali pasipo pake, alama zilizosahauliwa, bendi zinakwama bila kujua tatizo ni la kwao au la mchapaji. Fennell aliyawinda makosa hayo moja baada ya jingine kwa miaka mingi, na toleo alilolisafisha likatoka mwaka 1987. Miaka hamsini baada ya muziki kuzaliwa! Hakuongeza hata tuni moja ya kwake. Alihakikisha tu kwamba mtoto wa Japan au wa Ohio akifungua karatasi atakuta kile Grainger alichokusudia. Na Japan wanamjua vizuri, maana aliongoza bendi ya Tokyo Kosei kuanzia 1984 hadi 1996, na mjini Kofu kuna ukumbi uliopewa jina lake. Hapo hapo Minneapolis ulipo alikuwa na okestra ya mji kati ya 1962 na 1964. Alifariki Desemba 2004, na karatasi zake ziko kwenye stendi za bendi hadi leo.

Sasa nikueleze kuhusu zile karanga.

Mnakumbuka, wewe na dada yako, ile wiki tuliyokula karanga asubuhi na jioni, na mama yenu akanuna? Sikuwahi kuwaeleza. Nilikuwa napita Mnazi Mmoja nikanunua karanga kwa kijana mmoja, na karatasi aliyonifungia ilikuwa na mistari mitano. Mwandiko nilioujua kama ninavyoujua wa baba yangu. Jina lililokuwa juu ni la mpiga tuba wetu. Mwalimu alikuwa amestaafu, haujapita hata mwaka, na waliokabidhiwa stoo wakaona makabati yamejaa makaratasi ya zamani, wakayauza kwa kilo. Niliununua ule ungo wote wa karanga. Nikanyoosha karatasi zile moja moja juu ya meza ya chakula, mafuta yameshapenya wino. Nilipata vipande vya ngoma ya harusi, sauti ya tuba na nusu ya yufoniamu. Hazitoshi kuupigia hata wimbo mmoja. Sikumpelekea Mwalimu. Nilimtembelea Jumapili ile, akaniuliza kama vijana wanapiga zile nyimbo, nikamwambia wanajitahidi.

Nimekasirika naandika haya. Wacha niendelee na swali lako.

Sauti haina naibu, nimesema, na kwa neno hilo mwongozaji wenu yuko sawa. Bendi ambayo watu kumi wanapiga mstari mmoja inamzoesha mtu kuegemea. Anakosa, hasikiki. Anaacha kufanya mazoezi, hasikiki. Nimeona wapigaji waliofika kustaafu hawajawahi kusikia sauti yao wenyewe.

Lakini je, mimi nilijifunzaje? Niliwekwa katikati ya wawili waliojua, na mwaka mzima nilipiga zile nota nilizoziweza tu, zilizobaki nikazisikiliza masikioni mwangu kulia na kushoto. Kama kungekuwa na mtu mmoja kwa kila sauti siku nilipoingia, Mwalimu asingekuwa na mahali pa kuniweka, na wewe usingekuwa na klarineti ya kurithi. Fennell mwenyewe aliwachukua wanafunzi wa Eastman, vijana waliokwisha iva. Bendi ya mtaa ina dereva wa basi na muuguzi anayetoka zamu. Halafu tazama hata orodha yake ya mwanzo: klarineti za kawaida aliweka nafasi nane, zigawanywe apendavyo mwongozaji. Wanaosema "mmoja kwa kila sauti" kama amri ya Sinai hawajaisoma orodha. Na alipoanzisha kikundi kidogo hakuifuta bendi kubwa ya shule. Ziliishi pamoja.

Kwa hiyo ni ndiyo au hapana? Nina jibu, liko mdomoni. Mama yako ameniapisha nisikuamulie, anasema nilishaamua mambo ya kutosha katika nyumba hii, na kura ni ya aliyekaa kwenye kiti. Basi nanyamaza, ingawa ukisoma vizuri umeshanisikia.

Ila kabla ya kunyoosha mkono, simama uwaulize mbele ya wote: hao wanaoachwa wanakwenda wapi? Kuna bendi ya pili imeandaliwa, ina mwongozaji, ina siku yake ya mazoezi? Kama ipo, ijadiliwe kwanza hiyo. Na kama ninyi mnaobaki mnadhani mna haki zaidi ya viti, kila mmoja apige mstari wake peke yake, wenzake wakisikiliza, kuanzia na wewe.

Uliza pia kabati la nota liko kwa nani, na ufunguo anao nani. Kama hakuna anayejua, jitolee wewe. Piga picha kila ukurasa ulioandikwa kwa mkono, uniletee nakala, nitazihifadhi hapa pamoja na zile za Mwalimu.

Dada yako anakusalimu. Mama yako anasema vaa soksi mbili.

Baba yako.